Sifa za urasimi mpya zitafute ndani ya mshororo

Mwanafunzi akiulizwa sifa za urasimi mpya (neoclassicism), mtindo wa fasihi ya Kiingereza ya karne ya 18, jibu huja mbio: akili kuliko hisia, utaratibu, kuwaiga Wagiriki na Warumi, kejeli, beti za mishororo miwili miwili. Hakuna uongo hapo. Tabu ni kwamba orodha hiyo anaweza kuiandika hata mtu ambaye hajafungua ukurasa mmoja wa Alexander Pope, na msahihishaji mzoefu humjua kabla hajafika aya ya pili. Sisi tunaoisomesha fasihi hii tumejifunza kuanza upande wa pili. Chukua mishororo miwili, ipasue vipande, halafu uone ni sifa gani inayotoka humo. Ikitoka, utaikumbuka, na utakuwa na ushahidi wa kuandika.

Mipaka ya wakati tuiseme haraka. Kwa kawaida huanza 1660, Charles II aliporudi kutoka uhamishoni na kukalia kiti cha enzi, na kuishia 1798, washairi Wordsworth na Coleridge walipotoa Lyrical Ballads. Mwanzoni yuko John Dryden, aliyefariki 1700. Katikati wako Pope na Jonathan Swift, waliofariki 1744 na 1745. Mwishoni yuko Samuel Johnson, aliyefariki 1784. Kipindi cha Pope huitwa zama za Augusto kwa sababu waandishi wake walijipima kwa Roma ya Kaisari Augusto, Roma ya washairi Virgil na Horace. Hamu ya utaratibu nayo ina chanzo chake. Uingereza ilikuwa imepigana yenyewe kwa yenyewe tangu 1642, ikamkata mfalme kichwa 1649, ikachoka. Mwaka 1695 sheria iliyotaka vitabu vikaguliwe kabla ya kuchapwa iliachwa ife, na magazeti na vijitabu vikafurika. Basi usidhani hawa walikuwa watu wa maktabani tu. Waliandika kwa ajili ya watu waliokaa kwenye mikahawa ya London wakibishana.

Sasa tuje kwenye mishororo yenyewe. Hii miwili ya Pope imo mwanzoni mwa sehemu ya tatu ya The Rape of the Lock, anapoielezea kasri ya Hampton Court na malkia wake, Anne:

Here thou, great Anna! whom three realms obey,
Dost sometimes counsel take—and sometimes tea.

Kazi ya kwanza ni kuhesabu kwa vidole. Kila mshororo una silabi kumi. Msomaji aliyelelewa na mashairi ya Kiswahili hukosea hapa kwa sababu moja inayoeleweka: sisi huhesabu mizani, na karibu kila mizani yetu ina irabu yake. Akifika kwenye "realms" huongeza irabu asizoziona na kupata silabi tatu au nne, hesabu ikaharibika. Neno hilo ni silabi moja. Kinyume chake, "Anna" ni mbili na "sometimes" ni mbili. Mkikutana na alama ya ritifaa katikati ya neno, kama "heav'n" au "pow'r", jueni mtunzi anawaambia mlitamke kwa silabi moja tu. Wachapaji wa siku hizi mara nyingine huziondoa alama hizo, na mshororo wa silabi kumi huonekana kuwa na kumi na moja. Hilo si kosa la Pope.

Kazi ya pili ni mkazo. Shairi letu linataka idadi ya mizani na vina. Mkazo hujipanga wenyewe, kwa kuwa Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Shairi la Kiingereza linataka idadi na mkazo pamoja: silabi ya pili, ya nne, ya sita, ya nane na ya kumi ndizo nzito. Mshororo wa pili hapo juu unafuata kanuni hiyo karibu bila kuteleza. Wa kwanza una "great" nzito mahali pa silabi nyepesi, na hilo linaupa uzito wa sherehe. Pope anavunja kanuni pale anapotaka usikie kitu. Ukishaweka alama za mkazo kwa penseli, zitafute sehemu zilizovunjika. Ndizo zenye kusema.

Kazi ya tatu ni kutafuta pumziko. Katika shairi la mizani kumi na sita, ukwapi na utao, yaani vipande viwili vya mshororo, hugawana nane kwa nane, na sikio letu husubiri pumziko mahali pale pale. Kwa Pope pumziko huhama. Yeye mwenyewe aliandika katika barua kwamba mshororo laini wa silabi kumi hupumzika baada ya silabi ya nne, ya tano au ya sita, na kwamba sehemu moja isirudiwe mno mfululizo. Katika mfano wetu, wa kwanza unapumzika baada ya "Anna", silabi ya tano. Wa pili baada ya "take", silabi ya sita. Mtu akilalamika kwamba Pope anachosha kama saa ya ukutani, mara nyingi anamsoma bila pumziko, akikimbilia kina.

Ndipo tuulize maana. Kitenzi "take" kimebebeshwa mizigo miwili: malkia hupokea ushauri wa mawaziri, na mara nyingine hunywa chai. Mambo ya dola na kikombe cha chai vimepangwa kwenye mizani ileile, kwa sarufi ileile, na kikombe ndicho kimepewa mwisho wa mshororo, mahali pa heshima. Hakuna aliyetukanwa. Lakini ulimwengu wote wa shairi, ambamo watu hawatofautishi kubwa na dogo, umeshaingia ndani ya silabi ishirini. Vina navyo huwatatiza wengi, maana leo "obey" na "tea" havilingani. Enzi za Pope wengi walilitamka neno la chai kama "tay", na kina kilikuwa timilifu. Kabla ya kuandika kwamba mtunzi ameshindwa na kina, ulizia matamshi ya wakati wake.

Mfano wa pili uko mistari michache mbele. Jua limepinda, saa ya chakula inakaribia:

The hungry judges soon the sentence sign,
And wretches hang that jurymen may dine.

Majaji wenye njaa wanaharakisha kutia saini hukumu, na mafukara wananyongwa ili wajumbe wa juri wakale. Tazama zilivyopangwa "hang" na "dine": moja kwenye silabi ya nne kabla ya pumziko, nyingine kwenye ya kumi. Kifo na chakula vinakabiliana ndani ya mshororo mmoja, na kiungo kati yao ni "that", yaani "ili". Pope angeandika "huku wengine wakila" ingekuwa masikitiko. Ameandika "ili", ikawa shtaka. Tena amelitia ndani ya maelezo ya saa, kana kwamba anasema tu ni alasiri. Kejeli ya urasimi mpya inapokuwa bora huwa na sauti ya chini hivi. Ninawasihi wanaofundisha wasiipite haraka mishororo hii miwili; inatosha kwa kipindi kizima.

Kuhusu utendi wa mzaha, yaani shairi linalotumia vifaa vya utendi wa kishujaa kwa jambo dogo, lazima kwanza uzijue hatua za utendi wenyewe. Kisa cha kweli kilikuwa hiki: Lord Petre alimkata Arabella Fermor shungi la nywele, familia mbili za Kikatoliki zikakosana, na rafiki yao John Caryll akamwomba Pope aandike kitu cha kuwapatanisha. Toleo la 1712 lilikuwa na sehemu mbili na mishororo 334. La 1714 lilikuwa na sehemu tano, kwa sababu Pope aliongeza vile ambavyo utendi haukosi. Homer, mtunzi wa tendi wa Kigiriki, ana miungu. Pope ana mapepo wadogo wa hewani wanaolinda nywele na vipuli. Shujaa huvaa silaha. Belinda, ndiye Arabella ndani ya shairi, hukaa mbele ya kioo akajipamba. Shujaa husafiri baharini. Belinda hupanda mashua Mto Thames. Kuna vita, na vita hivyo ni mchezo wa karata. Kuna kushuka kuzimu, na kuzimu ni pango la kisirani. Mwishoni Belinda anamrushia Baron, mkataji wa shungi, ugoro puani, na shungi linapaa likawa nyota.

Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa asiyoitumia. Mwaka 1728, London ilipokuwa inaisoma Dunciad ya Pope kwa mara ya kwanza, kisiwani Pate Mwengo wa Athumani alikuwa na Utendi wa Tambuka, wa vita vya Waislamu na Herekali mfalme wa Rumi. Aliyezoea tendi anajua zinavyofunguliwa: kwa jina la Mungu, kwa sifa, kwa kuagiza karatasi na wino, ndipo kisa kije. Mtu huyo akisikia ufunguzi wote huo ukitumiwa kwa ugomvi wa majirani wawili juu ya kuku, atacheka kabla hajaelezwa. Wasomaji wa Pope walicheka kwa njia hiyo. Walikuwa na Homer na Virgil masikioni.

Kosa linalojirudia ni kuandika kwamba Pope anamdhihaki Homer. Alimpenda. Kuanzia 1715 hadi 1720 alitoa tafsiri yake ya Iliad kwa mabuku sita, kwa gini sita, sarafu za dhahabu, kwa waliojiandikisha kuinunua mapema, na fedha hiyo ikamwezesha kuishi bila kumtegemea tajiri wa kumfadhili. Kwa kuwa alikuwa Mkatoliki, vyuo vikuu na kazi za serikali vilikuwa vimefungwa kwake, kwa hiyo jambo hilo halikuwa dogo. Katika toleo la 1717 alimwongezea mhusika wake Clarissa hotuba iliyofinyangwa juu ya hotuba ya shujaa Sarpedon katika kitabu cha kumi na mbili cha Iliad. Sarpedon anasema: kwa kuwa tutakufa, twende tupigane. Clarissa anasema: kwa kuwa uzuri utafifia, tuwe na busara. Utukufu wa Homer ndio kipimo, na jamii ya Hampton Court ndiyo inayopimwa.

Hapo tumeshaingia kwenye uigaji. Leo neno kuiga lina harufu ya wizi, lakini kwao kuiga lilikuwa jaribio la hadharani. Johnson alipotoa shairi lake London mwaka 1738, akiiga kejeli ya tatu ya Juvenal, mshairi wa Kirumi, alitaka mistari ya Kilatini ichapwe chini ya ukurasa ili msomaji alinganishe. Katika The Vanity of Human Wishes, 1749, anaifuata kejeli ya kumi. Ukitaka kuiona kazi yake, chora safu mbili kwenye karatasi. Upande mmoja, wa Juvenal, andika Sejanus; upande wa pili, wa Johnson, Kadinali Wolsey. Mkabala wa Hannibal, mwandike Charles XII wa Uswidi. Kisha uliza kwa nini Johnson alichagua huyu na si mwingine, na nini kimebadilika katika hukumu. Juvenal anacheka kwa ukali anapomwona mkubwa akianguka. Johnson anahuzunika, na mwishoni anaongeza sala ya Kikristo inayompeleka mbali na Mrumi. Sifa ya kuiga wakale inaonekana pale anapoachana nao.

Kwa nathari, hakuna andiko linalofundisha zaidi ya A Modest Proposal ya Swift, Dublin 1729, na hakuna linalosomwa vibaya zaidi. Msimulizi anaanza kwa upole na huruma, kisha anapiga hesabu. Ireland ina watu kama milioni moja na nusu. Wake wanaozaa ni 200,000. Toa 30,000 wenye uwezo wa kulea, toa 50,000 ambao mimba huharibika au mtoto hufariki ndani ya mwaka, wanabaki watoto 120,000 wa maskini kila mwaka. Bakisha 20,000 kwa ajili ya kuzalisha. Hao 100,000 wengine wauzwe wakifikisha mwaka mmoja, waliwe. Kumlea kunagharimu shilingi mbili, bei ni shilingi kumi, mama anapata faida ya shilingi nane.

Hesabu inatoka sawasawa, na hapo ndipo penye kitisho. Swift anaiga vijitabu vya wataalamu wa uchumi wa wakati wake, waliowahesabu watu kama mifugo. Wanafunzi huandika "Swift anapendekeza". Hapana. Msimulizi anapendekeza, Swift yuko nyuma yake. Dawa yake ni kusoma na penseli mbili za rangi: moja kwa maneno ya msimulizi, nyingine kwa mahali ambapo Swift mwenyewe anasikika. Mahali hapo pako karibu na mwisho, msimulizi anapokataa kusikia njia nyingine: kuwatoza kodi wenye mashamba wanaoishi nje ya nchi, shilingi tano kwa kila pauni, kuvaa na kutumia vilivyotengenezwa nyumbani, wenye nyumba kuwahurumia wapangaji. Njia hizo ndizo za Swift hasa. Mwaka 1720 alitoa kijitabu cha kuwahimiza watu wa Ireland wanunue bidhaa zao, na mchapaji wake akashtakiwa. Ukilijua hilo, aya ile inageuka kuwa kilio cha mtu aliyesema miaka tisa bila kusikilizwa.

Kwa sababu hiyo tunawakataza wanafunzi kuandika kwamba waandishi hawa waliiabudu akili. Swift anaonyesha akili iliyonyooka kabisa ikifika kwenye ulaji wa watu. Pope katika Essay on Man, 1733 na 1734, anamwonya binadamu mara kwa mara asivuke kimo chake. Walichopenda ni kiasi, na kiasi kinaihusu hata akili.

Wanapotaja maumbile, nao hawasemi sana miti na ndege. Wanasema yale yaliyo ya kweli kwa binadamu wa kila mahali na kila wakati, na wanaamini wakale waliyaona kwanza. Katika Rasselas ya Johnson, 1759, Imlac, mshairi ndani ya kisa, anaeleza kwamba kazi ya mshairi ni kuitazama aina nzima, wala haihesabu michirizi ya ua la tulipu. Kitabu hicho kinamhusu mwanamfalme wa Abisinia, na wasomaji wa Afrika Mashariki hukifungua wakitumaini kuiona Ethiopia. Wanakuta bonde lenye milima pande zote, na wahusika wanaozungumza wote kwa Kiingereza kizito cha Johnson. Si kwamba hakuwa na habari. Kitabu chake cha kwanza, 1735, kilikuwa tafsiri ya safari za Jerónimo Lobo, padri Mreno aliyefika pwani yetu, akapita Pate, akajaribu kwenda Abisinia kwa kufuata pwani kuelekea Mto Juba na njia ikamshinda. Johnson aliyajua majina ya mahali akayaacha mengi, kwa kuwa swali lake lilikuwa namna gani ya kuishi yaweza kumpa mtu furaha, na alitaka jibu lisifungwe na nchi. Mimi naona amepoteza kitu kwa kufanya hivyo. Lakini kumlaumu bila kuitaja kanuni aliyoifuata ni kumsoma nusu.

Lugha ya ushairi nayo inatoka kwenye mzizi huohuo. Katika Windsor-Forest, 1713, mvuvi wa Pope anawasubiri samaki walioitwa kizazi chenye magamba. Kuna jina la jamii, kuna alama inayoitofautisha, kama wataalamu wa viumbe wanavyopanga, na kuna Virgil wa Georgics, shairi lake la kilimo, nyuma yake. Mikononi mwa Pope neno linachagua kitu cha kutazama: magamba yanayometa majini. Mikononi mwa waigaji wake lilikuwa deni la mazoea, na Wordsworth katika dibaji yake ya 1800 aliishambulia lugha ya namna hiyo kwa haki.

Kanuni za tamthilia zisikupoteze. Ndiyo, Cato ya Addison, 1713, inakaa ndani ya ukumbi mmoja wa jumba la gavana huko Utica na kuheshimu umoja wa wakati na mahali, yaani kisa kiishe ndani ya siku moja na mahali pamoja. Lakini Johnson, anayehesabiwa mlinzi wa kanuni, aliandika mwaka 1765 katika dibaji yake ya Shakespeare kwamba mtazamaji anajua tangu mwanzo yuko ukumbini, kwa hiyo jukwaa likihama kutoka Misri hadi Roma hadanganyiki wala haumii. Katika maelezo ya toleo hilohilo mtu huyohuyo alikiri kwamba kifo cha Cordelia, bintiye Mfalme Lear, kilimshtua kiasi cha kutotaka kuyasoma tena maonyesho ya mwisho, mpaka alipolazimika kuyahariri. Kanuni moja anaivunja, nyingine, ile ya mwema kulipwa wema, inamshika moyoni.

Riwaya ni mpaka mwingine wa kuangalia. Robinson Crusoe ni ya 1719, katikati kabisa ya zama hizi, lakini mtunzi wake, Defoe, hana babu wa Kirumi anayemfuata, na anahesabu mapipa na misumari moja moja, jambo ambalo Imlac asingelikubali. Miaka mingi baadaye Fielding, katika dibaji ya Joseph Andrews, 1742, akaitafutia riwaya nasaba kwa kuiita utendi wa kuchekesha wa nathari. Kuwa ndani ya karne hakumfanyi mtu kuwa mrasimi.

Anayeanza leo namshauri afuate mpangilio huu. Asome kwanza sehemu ya tatu ya The Rape of the Lock, kwa sauti, mara mbili. Kisha A Modest Proposal kwa penseli mbili. Kisha toleo namba 10 la gazeti la The Spectator la 1711, ambamo Addison anasema nakala 3,000 zinasambazwa kila siku na kukadiria wasomaji ishirini kwa kila nakala. Humo utasikia nathari ya kawaida ya wakati ule ilivyopumua. The Vanity of Human Wishes ibaki ya mwisho, kwa sababu Johnson huvigeuza vitenzi na yambwa kwa mpangilio wa Kilatini, na mshororo mmoja waweza kudai dakika kadhaa. Hapo tafuta kitenzi kwanza, kisha mtenda, ndipo uendelee.